Aliyechora Kitabu cha Tano

Kila kengele ya mwisho ilipolia, msichana wa darasa la sita aliyeitwa Miwani alipitia maktaba ya shule. Alikuwa amemaliza vitabu vinne vya hadithi ya Mvushaji, mzee anayewavusha wasafiri mto wa moto kwa mtumbwi wa jiwe. Cha tano alikisubiri wiki tatu.

Alipokipata, alikisomea nyumbani, mama yake, fundi cherehani, akishona kando yake. Ghafla akapiga ukelele.

“Mama, wamemuua!”

Mama alishtuka, sindano ikakatika. “Nani tena, mwanangu?”

“Mvushaji! Vitabu vinne anaokoa watu, leo anateleza tu, basi! Huu ni uonevu!”

“Ala! Yaani umenivunjia sindano kwa ajili ya mtu wa kwenye karatasi?” Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

Kicheko kile kilimtia Miwani petroli moyoni. Mama alipotoka kununua sindano, yeye alishika kalamu, akafuta kurasa mbili za kifo kile kwa mistari minene, akaandika juu yake: HAKUFA! ALIOGELEA! Kesho yake akakirudisha kitabu kimefungwa, kimya.

Siku mbili baadaye rafiki yake, Kifimbo, aliingia maktaba na kitabu kile mkononi, amejaa hasira.

“Nimengoja mwezi mzima! Tazama! Sasa najua anakufa, na jinsi alivyokufa haisomeki!”

Mkutubi alikipokea kitabu, akazitazama zile kurasa. Alikuwa mama mpole, lakini siku hiyo sauti ilikuwa kavu. “Miwani, kimetoka kwako. Ulikiona hivi?”

“Nilikikuta hivyo hivyo,” alijibu haraka.

Basi akaitwa mtoto wa darasa la tano aliyekisoma kabla ya Miwani. Binti yule alitazama zile kurasa, midomo ikamcheza.

“Si mimi, mwalimu. Wallahi si mimi. Kwa nini nisingiziwe?”

Miwani aliona machozi yakimdondoka mwenziwe. Uonevu! Neno lile lile alilompigia kelele mama yake, na sasa mwonevu ni yeye.

“Mwacheni,” alisema. “Ni mimi. Nilimkasirikia mtunzi, halafu nikadanganya. Nisamehe, mdogo wangu.”

Kifimbo alimgeuzia mgongo.

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa na nakala nyingine ya kitabu kile. Kwa siku tatu Miwani alikosa mapumziko, akinakili kurasa zile neno kwa neno kwa mwandiko safi, kisha akazibandika kwa gundi juu ya zile alizozifuta. Kifimbo alizisoma akiwa amesimama. Alipomaliza, alifoka, “Anateleza tu? Kweli huu ni uonevu!”

Wote wawili wakajikuta wanacheka.

“Mkasirikieni mtunzi mpaka mchoke,” mkutubi aliwaambia. “Msomaji asiyekasirika hajasoma. Lakini kitabu cha wote hakibebi hasira ya mmoja, na kosa lako usimtwike mwenzako. Hasira ina daftari lake. Haya, nendeni mkamwandikie mtunzi barua.”