Gari la Kubeba Cucu na Kuvuta Trela

Nyumbani kwa Nduta, kule Nyamasaria, Jumamosi haina usingizi. Kabla chai haijaiva, viti vya plastiki vinapangwa kwenye trela, mahema yanakunjwa, na watoto watatu, Muchiri na wadogo zake, wanagombania soksi. Nduta na mumewe Ndirangu hukodisha mahema na viti kwa harusi na matanga. Familia nzima huenda kazini pamoja. Cucu, mama yake Ndirangu, ndiye anayehesabu viti jioni, na kiti kikipotea usijaribu kumdanganya.

Shida ilikuwa gari lao. Lilikuwa dogo. Mtoto mmoja alipakatwa na Cucu, bila mkanda. Halafu siku moja, wakishuka kilima cha Riat, trela iliyojaa viti ililisukuma gari kutoka nyuma. Nduta alikanyaga breki, gari likakataa kusimama. Walikuja kusimama ndani ya mahindi ya watu. Hakuna aliyeumia.

"Mimi watoto na Cucu siwaweki tena mbele ya hiyo trela," alimwambia mumewe. "Tupate gari inayoweza, ama tuuze mahema."

Na mahema ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha.

Wiki iliyofuata Ndirangu alirudi nyumbani akitabasamu peke yake.

"Mama Muchiri, nimepata gari! Kubwa, nyeusi, inang'aa mpaka unajiona. Iko na viti saba. Na nyuma iko na kulabu ya kuvuta trela. Muuzaji anasema inavuta hata nyumba. Kesho tunalipa."

Bahati nzuri jirani yao, Mama Waswa, alikuwa amekaa hapo akinywa chai. Mama Waswa huendesha trekta la kuvuta miwa huko Muhoroni. Mambo ya trela ndiyo kazi yake ya kila siku.

"Baba Muchiri, uliijaribu na trela?" aliuliza.

"Trela ya nini? Nilienda kuangalia gari, si kuonyesha watu viti."

"Na Cucu alikaa ndani?"

Ndirangu alicheka. "Cucu ni abiria. Yeye hanunui gari."

"Basi umechagua gari ya mtu mmoja," Mama Waswa alisema. "Gari ya familia mnaichagua familia yote ikiwa ndani. Na gari ya kuvuta mnaichagua ikivuta."

"Kesho naenda," Cucu alisema, akainuka kutafuta kitambaa chake cha kichwa.

Asubuhi walifika kwenye yadi ya magari wote saba, pamoja na Mama Waswa. Pikapu ya kukodi ilivuta trela nyuma yao. Kusema kweli, gari lilikuwa zuri. Hata Nduta lilimpendeza.

Cucu alipandishwa safu ya nyuma kabisa. Magoti yalimfika kifuani.

"Mwanangu, unanipeleka harusi ama unanizika?" aliuliza.

Watoto walicheka. Nduta alifungua mlango wa nyuma. Viti vya safu ya tatu vikiwa vimesimama, hata sufuria kubwa haikuingia.

"Unaona?" Mama Waswa alisema. "Viti saba si watu saba na mizigo yao."

Kisha aliinama chini ya gari. "Nduta, kuja uone. Hii kulabu imechomelewa kwa bampa. Bampa haina nguvu ya kuvuta. Kulabu inafaa ifungwe na boliti kwa chesisi, hii mifupa ya chuma inabeba gari yote. Ukivuta mzigo na bampa, siku moja bampa itaenda na trela."

Ndirangu hakukata tamaa. "Wacha tufunge trela, tuzunguke kidogo."

Muuzaji alijikuna kichwa. "Bosi, hiyo hapana. Jaribu tu hivi, bila mzigo."

"Kwani si ulisema inavuta nyumba?" Nduta alimuuliza.

Muuzaji alimgeukia mteja mwingine. Wakaondoka. Ndirangu aliumia, maana alikuwa ameshajiona akiegesha gari lile mbele ya kanisa.

Siku chache baadaye Mama Waswa aliwapeleka Muhoroni kwa Mzee Oluoch. Watoto wake walikuwa wamekua na kuhama, naye alitaka kuuza gari lake kubwa. Rangi ilikuwa imepauka. Ndirangu aliguna.

Nduta alikuwa amempigia Mzee simu mapema, akimwomba asiwashe gari kabla hawajafika. Injini ikishapata moto, huficha ugonjwa wake. Nduta aligusa boneti. Ilikuwa baridi. Gari likawaka mara moja, bila moshi.

Sasa aliinama mwenyewe. Kulabu ilifungwa kwa boliti kwenye chesisi. Hapakuwa na kutu wala chuma kilichoungwaungwa. Waya ya taa za trela ilikuwepo. Cucu alikaa nyuma, akanyoosha miguu. Kila mtu alipata mkanda wake, na sufuria ikaingia.

"Mzee, inavuta kilo ngapi?" Nduta aliuliza.

"Kitabu yake ndio hii, soma," Mzee Oluoch alijibu. "Waliotengeneza ndio wanajua. Mimi nitakudanganya bure. Lakini mafuta inakunywa, hiyo nakuambia mapema."

Waliipeleka trela kwenye mzani wa miwa, ambapo Mama Waswa anafahamika. Ilipopimwa na mzigo wake, uzito ulikuwa chini sana ya ule uliosemwa na kitabu.

"Bado," Mama Waswa alionya. "Trela nzito hivi inataka breki zake yenyewe, na hii yenu haina. Fundi aweke kwanza. Na mizigo mizito ikae mbele kidogo ya magurudumu. Ukijaza nyuma, trela itayumba."

Trela ilipowekewa breki, walizunguka nayo, mlimani na bondeni. Fundi wao alikagua breki za gari, giaboksi, na rejeta inayopoza injini. Ndirangu alihakikisha serikalini kwamba gari ni la Mzee kweli. Ndipo wakalipa.

Harusi ya kwanza ilikuwa upande wa Muhoroni. Nduta alikuwa kwenye usukani, trela imejaa, familia yote ndani. Ghafla trekta la miwa liliibuka kutoka njia ya shambani na kuziba barabara. Nduta alikanyaga breki. Gari liliinamisha pua, trela ikabaki imenyooka nyuma, na vyote vikasimama. Mbele palibaki nafasi ya ng'ombe kupita.

Alitazama kwenye kioo, akitarajia vilio. Watoto walikuwa wanabishana habari za keki. Huko nyuma kabisa Cucu alifungua jicho moja.

"Mbona tumesimama?"

"Trekta inapita, Cucu."

"Ipite basi," Cucu alisema, akarudi kulala.