Helmeti ya Rudy Kasal

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Novemba, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Nina hakika, maana nilikuwa nimetoka kuangalia saa. Mkate ulikuwa umebakiza dakika kumi jikoni. Ndipo Bi Arlene Kasal alipogonga mlango wa nyuma, amebeba helmeti ya marehemu kaka yake ndani ya taulo.

Hapa Dannevik, Nebraska, utaratibu unajulikana. Tuzo ya Rudy Kasal hupewa mchezaji bora wa futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na robo nne, wa shule yetu ya sekondari, katika mechi ya mwisho ya nyumbani. Rudy ndiye aliyekuwa mrusha mpira wetu mwaka 1971, mwaka pekee tuliotwaa ubingwa wa jimbo. Siku moja kabla, helmeti yake hupelekwa kwa mshindi, na mwanamke wa nyumba ile huing'arisha. Kesho yake mshindi huingia nayo uwanjani. Safari hii mshindi alikuwa mdogo wangu, Wes.

"Ndani usiguse," Bi Arlene alisema, akaondoka bila hata kunywa kahawa.

Wes alikuwa amelala kwenye kochi sebuleni, mapazia yamefungwa. Tangu agongwe kichwani kwenye mechi wiki tatu kabla, mwanga ulimuumiza. Mimi peke yangu nilijua. "Ukisema, dada, nimekwisha," aliniambia. "Watu wa chuo wanaotafuta wachezaji wanakuja kuniangalia Ijumaa." Nikamwapia. Mimi, niliyesoma fiziolojia miaka minne.

"Sugua vizuri!" alinipigia kelele. "Nataka ujione ulivyo mbaya humo."

"Lala, kichwa maboga."

Kisha, kwa mara ya tatu siku hiyo: "Dada, leo siku gani?"

Nilisugua ganda la nje mpaka likang'aa. Halafu nikaigeuza. Siwezi kuacha kitu nusu.

Sponji ya ndani ilikuwa imelowa. Nikaigusa. Ilikuwa ya moto, kama kichwa kimetoka humo sasa hivi.

"Ni robo ya ngapi?"

Sauti ya kijana. Imechoka. Ilitoka ndani ya helmeti.

Kitambaa kilinidondoka.

Sebuleni, Wes akajibu taratibu: "Ya tatu."

"Turudi uwanjani?"

"Turudi."

Nilikimbia. Wes alikuwa usingizini. Macho yake yalikuwa wazi nusu.

Nilimpigia simu Bi Arlene. Mjini wanasema Rudy alikufa kwa ajali ya gari. Nilimuuliza swali moja tu: alikufaje kweli?

"Hakukuwa na gari," alinong'ona. "Aligongwa robo ya tatu. Akawa anauliza, anauliza. Kocha akamrudisha. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu wiki iliyotangulia, mwanangu, na mimi nilijua. Alikuwa ameniapisha."

Akakata.

Nilirudi jikoni. Mkate ulikuwa umeungua. Kwenye sponji palikuwa na nywele tatu nyekundu, fupi, mbichi kwa jasho. Katika picha zote Rudy ana nywele nyeusi. Mwenye nywele nyekundu ni Wes, na helmeti ile alikuwa hajaivaa.

Kesho yake, saa moja na dakika kumi asubuhi, nilikuwa ofisini kwa Kocha Brandl, anayemfundisha Wes. Nilimweleza habari ya kichwa cha Wes. Alinisikiliza macho yakiwa kwenye picha ya Rudy ukutani.

"Leah, mji mzima unakuja leo. Hili si la kungoja Jumatatu?"

Mji ule ule uliomwacha Rudy arudi uwanjani. Miaka yote hiyo, watu wale wale.

Nilitoka. Nikiwa garini nilimpigia daktari anayesaini ruhusa za wachezaji, nikamtajia tarehe, mechi na robo ya mchezo. Aliifuta ruhusa ya Wes papo hapo. Wes hajanisemesha mpaka leo.

Nilipomaliza kuongea niliingiza mkono ndani ya helmeti, iliyokuwa kitini kando yangu. Pakavu. Pa baridi. Nywele zilikuwa bado zimo. Nikazitia kwenye bahasha, nikaandika tarehe na saa.