Hina kwenye Vidole vya Mjane

"Bibi, mashine inasema wewe si wewe!"

Ndivyo alivyoniambia Bhanwarlal, mwenye duka la ngano ya mgao wa serikali kijijini kwetu. Mbele ya foleni nzima!

Wajukuu zangu mnaonisoma humu, nilikuwa nimesimama tangu asubuhi. Siku ya mwisho. Sheria mpya inataka kila aliye kwenye kadi ya ngano aje mwenyewe, aweke kidole. Usipotambulika, jina linafutwa. Ngano yako ndiyo basi.

Nikaweka kidole gumba. Taa nyekundu.

Cha shahada. Nyekundu!

Vyote kumi... nyekundu.

Bhanwarlal akaushika mkono wangu, akaugeuza polepole kama ameshika yai.

"Hii si hina, Bibi? Mashine haisomi kidole chenye hina."

Foleni ikaguna. Kwetu Rajasthan, India, mjane hapaki hina!

"Bi Dhapu anatafuta mchumba!" mmoja akapaza sauti. Wakacheka.

"Ni dawa," nikasema. "Vidole vimepasuka. Sugna, mke wa mwanangu, alinipaka jana."

Jirani yangu Kamla akaninong'oneza sikioni.

"Sugna huyu aliyesoma? Anajua fika mashine haitaki hina! Amekuchoka, dada. Anataka utoke kwenye kadi, uhamie kwa binti yako."

Nikatoka kwenye foleni.

Mara Sugna huyo, anakuja mbio na chupa ya maji.

"Kunywa, Mama, jua kali."

"Umenifuta!" nikamfokea. "Nimekukosea nini?"

"Mama..."

"Usiniite mama!"

Akainamisha kichwa. Bhanwarlal ndiye aliyejibu.

"Mwache, Bibi. Mwezi uliopita mashine ilikukataa pia, na hukuwa na hina. Nilikudanganya kwamba mtandao unasumbua. Sugna akaweka kidole chake, ngano ikatoka."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alisema utaumia. Umevunja mawe machimboni miaka arobaini, mistari ya vidole imekwisha. Mimi ndiye niliyemwambia ailainishe ngozi kwanza. Sikujua angetumia hina, naye hakujua mashine inaikataa!"

Nikaitazama mikono ya Sugna. Ilikuwa sikukuu ya Tij, siku ambayo wake wa kwetu hufunga na kujipaka hina kwa ajili ya waume zao. Kila mke aliyepita njiani alikuwa na hina mpaka kwenye viwiko.

Yake ilikuwa mitupu.

"Hina yako iko wapi?"

"Ilitosha vidole vyako tu, Mama."

Midomo yake imekauka. Alikuwa amefunga kwa ajili ya mwanangu, hata tone la maji hajagusa... na chupa ile kaniletea mimi.

Nikakishika kiganja chake kitupu.

"Kuna mashine ya jicho, ofisi ya mjini," akasema Bhanwarlal. "Wanafunga saa kumi."

Tukaenda. Sugna kanishika kiwiko njia nzima. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, likakataliwa. La kulia, mara ya tatu, kijani!

"Umetambulika," ikasema sauti ya mashine.

Sikufurahi sana, nisiwadanganye. Nilikuwa nimechoka.

Mashine ilinikana, nami papo hapo nikamkana anayenijua. Wanangu, mashine ikikwambia neno, usimhukumu mtu wa nyumbani kwako kabla hujatazama mikono yake.

Jioni niliomba kuchuma hina uani kwa jirani, nikaisaga mwenyewe, nikampaka Sugna viganja vyote viwili.

"Mama, vidole vyako vitashika rangi tena!"

"Vishike."

"Na mashine?"

"Ikatae."