Jino Lililongoja Viza

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Bi Huko aliuliza swali moja tu.

"Baba, wamejibu?"

Baba yake, seremala, aliinyanyua simu, akaitazama, akaigeuza kana kwamba jibu limejificha mgongoni mwake, kisha akasema, "Bado."

Basi, siku ilikuwa imekwisha. Jua halijapanda hata juu ya paa, lakini kwa baba na binti yake siku ilikuwa imekwisha. Baba alirudi kuketi. Msumeno wake ulining'inia ukutani ukila kutu. Mbao za wateja zilikuwa uani, na kuku wa jirani walikuwa wamezigeuza choo chao. Na mlango wa mbele, mlango wa nyumba ya seremala, ulikuwa umeng'oka bawaba tangu mvua zilizopita, ukaegemezwa ukutani kama mlevi aliyeshindwa kufika kwake. Mahali pake palitundikwa shuka kuukuu.

"Nyumba ya seremala inafungwa kwa shuka," alisema Bibi, akipita na ufagio. "Watoto wa mtaa wanacheka. Na mimi nacheka, ila nacheka kwa ndani kwa sababu mwenye nyumba nimemzaa mimi."

"Mama, mlango wa nini na sisi tunaondoka?" alijibu baba.

"Mnaondoka lini?"

"Wakati wowote."

"Wakati wowote!" Bibi aliyasukumia maneno hayo nje pamoja na takataka.

Mambo yalianza hivi. Mama yake Bi Huko alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi ya kutunza wazee. Alipopata pa kukaa, akaomba mumewe na binti yake wapewe viza wamfuate. Picha zikapigwa, alama za vidole zikachukuliwa, na karani wa ofisi ya viza akawaambia kwa adabu, "Subirini. Mtajulishwa." Karani hakuwaambia waache kazi. Hakuwaambia waache kusoma. Hayo waliyaongeza wenyewe.

Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, na kabla ya hapo alikuwa mtoto kama watoto wengine, hana makuu. Baada ya ombi la viza akaota ulimi mpya. Huko hakuna vumbi. Huko daftari halichaniki. Huko mwalimu hapigi kelele. Hajawahi kufika huko hata kwa ndoto, lakini ungemsikia ungedhani amezaliwa huko na amekuja hapa kututembelea tu, tena kwa kulazimishwa. Wenzake shuleni wakamwita Bi Huko kwa kumkejeli. Yeye akalipenda jina!

Mama yake alikuwa amemtumia koti zito la sufu, la kuvaliwa siku atakayowasili kwenye baridi. Bi Huko hakuingoja siku hiyo. Alilivaa shuleni, jua la mchana likiwaka, vifungo vyote hadi shingoni, "ili mwili uzoee". Jasho lilimtiririka mpaka kwenye daftari. Na daftari lenyewe lilikuwa tupu, maana aliacha kunakili kitu chochote ubaoni.

"Masomo ya hapa hayana maana huko," alimwambia mwenzake wa dawati, msichana aliyekuwa mpiga kengele wa shule.

"Hesabu za huko zinakwendaje?" aliuliza mpiga kengele. "Mbili na mbili zinakuwa ngapi?"

Darasa zima lilicheka. Bi Huko aliinua kola ya koti lake, akatazama dirishani kama mtu anayengoja ndege itue uwanjani.

Sasa, ujinga wa namna hii mara nyingi huwa na mwalimu wake. Mwalimu wa nyumba ile alikuwa jirani mmoja aliyeitwa Balozi. Jina hilo ni la utani. Balozi hakuwa balozi wa chochote. Alikuwa fundi wa redio asiye na redio hata moja ya kutengeneza, na katika maisha yake yote hajavuka mpaka hata mmoja. Aliwahi kufika uwanja wa ndege kumsindikiza shemeji yake, akasimama nje ya kioo, akapunga mkono, akarudi mtaani akiwa mjuzi wa nchi zote za dunia. Kila siku alilipenya lile shuka bila hodi, akaketi, akapewa chai, akatoa ushauri.

"Seremala, nakwambia kama ndugu yako wa damu," alisema akikoroga sukari. "Usianze kazi yoyote. Utaanza kabati la mtu, viza itatoka, mteja atakushtaki, utakamatwa ukiwa mlangoni mwa ndege. Nimeshaona."

"Umeona wapi?" aliuliza Bibi.

"Mama, haya mambo ni ya ndani," alisema Balozi.

"Ya ndani ya kikombe cha chai," alisema Bibi. Lakini baba alikuwa akiitikia kwa kichwa, ameshaingia mzima mzima.

Siku moja, Bi Huko alipokunywa chai ya moto, alishika shavu la kushoto na kupiga ukelele. Bibi alimfungua kinywa. Gego moja lilikuwa na tundu jeusi.

"Kesho zahanati," alisema Bibi.

Balozi aliruka kama aliyemwagiwa chai mapajani. "Zahanati? Mnataka kumharibia mtoto? Wale wa viza wakijua ametibiwa chochote, hata jino, wanaandika kwamba ni mgonjwa! Faili lenu linarudishwa chini kabisa. Mwacheni. Huko kuna madaktari wa meno wenye mashine zinazoimba. Jino litangoja."

Baba, mtu mzima mwenye ndevu zake, akasema, "Kweli, litangoja." Na Bi Huko akafurahi. Daktari wa hapa amguse yeye? Kwa koleo kama za baba yake? Bibi alipomuuliza tena baada ya siku kadhaa, alimtazama machoni akamwambia, "Limepona, Bibi. Haliumi hata kidogo." Ulikuwa uongo mtupu. Alitafunia upande wa kulia tu, na usiku aliuma mto. Mama alipopiga simu ya video, alimwonyesha shavu la kulia tu, kama sarafu inayoogopa kugeuzwa.

Wiki zilipita. Shuleni, mpiga kengele alianza kusogea pembeni ya dawati.

"Usikasirike," alinong'ona, "lakini kinywa chako kinanuka. Kuna kitu kinaoza. Nenda zahanati, ndugu yangu. Nitakusindikiza."

"Nitatibiwa huko," alisema Bi Huko kwa midomo iliyobanwa.

"Na hilo jino limeshaambiwa?"

Bi Huko aliinua kola ya koti lake. Kutoa jibu kulitaka kufungua kinywa, na kufungua kinywa kulikuwa kumeanza kuuma.

Kisha ikaja asubuhi moja. Baba aliamka, akanyanyua simu, akaigeuza, akasema, "Bado." Ndipo alipotambua kwamba hakuna aliyemuuliza.

Alimkuta binti yake ameketi kitandani, amejifunika koti hadi puani, anatetemeka. Alipoishusha kola, alirudi nyuma. Shavu la kushoto lilikuwa limefura hadi jicho likabaki mstari. Ngozi ilimetameta. Mtoto aliwaka moto kama pasi, na meno hayakuweza kuachana hata kwa upana wa kidole.

"Mama!" baba aliita.

Bibi alikuja, akatazama mara moja, akaanza kutafuta viatu vyake. Lakini aliyetangulia kuingia alikuwa Balozi, kwa njia yake ya shukani, kikombe cha chai akiwa amekishika tayari.

"Taratibu! Taratibu!" alisema. "Msikurupuke. Jibu linaweza kutoka leo. Mfungeni kitambaa, asukutue maji ya chumvi."

"Asukutue kwa mlango upi, na kinywa hakifunguki?" Bibi alifoka. "Toka, jirani. Toka kabla sijasahau kwamba wewe ni jirani."

Baba alisimama katikati yao kama kigingi. Na katika kusimama huko, simu ya video ya mama ikalia, akaipokea. Bi Huko alijaribu kugeuza uso, lakini safari hii hapakuwa na upande wa kugeuzia. Mama yake aliona kila kitu kwenye kioo cha simu.

"Mwanangu! Umefanya nini? Nani kamwacha mtoto hivi?"

Baba alieleza. Alieleza habari za faili, za kurudishwa chini, za mashine zinazoimba. Kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kupungua, kwa sababu maneno yale, yakitoka kinywani mwake mwenyewe, yalisikika jinsi yalivyo.

Kisha mama akasema, "Mashine zinazoimba? Mimi huku jino liliponiuma niliwekwa kwenye foleni mpaka nikazoea kulala nimekaa! Baba watoto, huku napo watu wanangoja. Nani alikwambia nimewaita mje kutibiwa meno? Mpeleke mtoto sasa hivi. Na huyo Balozi wako, kama anajua sana, mwambie aje yeye kwanza, atuonyeshe njia."

Balozi alikuwa ameshatoka. Kikombe alikiacha. Chai aliimaliza.

Daktari wa meno wa zahanati alikuwa mama mnene mwenye miwani na ulimi mkavu. Alilitazama shavu, akamtazama baba.

"Hili limeanza jana?"

"Lina... lina muda kidogo, daktari."

"Kwa nini hamkuja?"

"Tulikuwa tunangoja viza. Tuliambiwa akitibiwa atanyimwa."

"Mliambiwa na daktari?"

"Hapana. Jirani."

"Anafanya kazi ofisi ya viza?"

"Hapana."

"Mwenyewe amewahi kupata viza?"

Baba alitazama vidole vyake vya miguu.

"Mimi mambo ya viza siyajui," alisema daktari akivaa glavu, "na sitajifanya nayajua. Wa kujifanya mnaye tayari. Ningetaka kujua, ningekwenda kuwauliza wenye ofisi. Lakini usaha naujua. Ungekaa siku chache zaidi ungeshuka shingoni, akashindwa kupumua. Hapo msingehitaji viza yoyote, wewe na huyu mtoto."

Alilipasua jipu. Yaliyotoka humo hayafai kuandikwa kwenye kitabu cha shule. Bi Huko alilia bila kujali nani wa huko anamsikia, akashika mkono wa Bibi mpaka kucha zikaacha alama. Alipewa dawa, na uvimbe uliposhuka akarudishwa, gego likang'olewa. Daktari alimwonyesha kwenye pamba.

"Litaota lingine?" Bi Huko aliuliza.

"Hili ni la ukubwani, mwanangu. Halioti tena. Lilipokuwa tundu tu, ningeliziba, ungekwenda nalo popote duniani. Sasa utakwenda na pengo."

Njiani kurudi nyumbani Bi Huko alikuwa akipapasa pengo kwa ulimi. Karibu na shuka lao alisimama.

"Bibi, nilikudanganya. Nilisema limepona."

"Nilijua," alisema Bibi. "Na kosa langu ni kwamba nilichoka kubishana na wapumbavu wawili, nikajifanya nimeamini. Keti hapa kizingitini. Na wewe, seremala, usipite, keti."

Wakaketi, mkubwa na mdogo.

"Kungoja si kosa," Bibi alisema. "Mwenye kutaka kitu kikubwa atangoja, na wenye ofisi wana haraka zao, si zenu. Lakini nyinyi hamkuwa mnangoja. Mlilala, mkauita usingizi wenu kungoja. Kutu haikuusubiri msumeno. Jino halikusubiri. Hata hayo masomo unayoyadharau, wenzako wanasonga mbele nayo, wewe unatoka jasho ndani ya koti. Siku mkifika huko, wakiwauliza mnajua nini, mtasema nini? Tunajua kungoja? Anayengoja hufanya kazi, husoma, hujitibu, na asichokijua humuuliza anayejua. Viza ikija imkute mtu mzima. Isipokuja, imwache mtu mzima vilevile."

Baba aliinuka, akaenda uani, akawafukuza kuku.

Jioni hiyo mtaa ulisikia msumeno ukipiga kelele, mara ukikwanguliwa kutu, mara ukikata mbao. Siku iliyofuata mlango ulisimama mahali pake, na bawaba mpya. Koti la sufu lilikunjwa likawekwa kabatini. Mpiga kengele alikuja na madaftari yake, wakaketi sakafuni kunakili, Bi Huko akitafunia mkate upande wa kulia kwa kuwa sasa hakuwa na hiari.

"Baba, wamejibu?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Bado."

"Haya." Akageuza ukurasa. "Nisomee tena hiyo hesabu ya sehemu, haijaniingia."

Mara kitu kizito kikajigonga mlangoni, puh! Mtu alikuwa amezoea kupita kwenye shuka. Nje palisikika kuguna, kisha, kwa mara ya kwanza tangu mvua zile, sauti ya unyenyekevu:

"Hodi?"

"Nani?" aliuliza Bibi.

"Mimi, Balozi. Nina habari za viza."

"Balozi wa nchi gani?"

Baba alicheka hadi akadondosha msumari. Bibi alipeleka kikombe cha Balozi jikoni, akakifunika kifudifudi, akarudi kuketi.

"Mlango mzuri," alimwambia mwanawe. "Ungeutengeneza mapema, mjukuu wangu angekuwa na meno yote."