Paa Linashuka Lini?

Siku ya gulio pale Masasi, watu walibanana katika duka la ushirika utadhani misumari inagawiwa bure. Claudia aliibuka kwenye msongamano ule kitambaa cha kichwa kikiwa upande, gauni lake la maua ya njano limekunjamana, na pakiti ya mwisho ya misumari ameikumbatia kifuani.

"Samahani, dada," sauti ilimwambia kwa nyuma. "Pakiti hiyo niliiwekesha tangu jana."

"Ingekuwa na jina lako ningeliona."

"Naitwa Yeremia. Sasa unalijua."

"Nami naitwa Claudia, na misumari ni yangu."

Aligeuka kumtazama. Alikuwa kijana mrefu, shati la kola ndefu, suruali ya bugaluu inayofagia vumbi la sokoni. Macho yake yalikuwa ya upole kuliko suruali yake.

"Kaka, vijana wa chama wakikukuta na bugaluu hiyo wataikata wakuachie kaptula."

"Nitakuja unishonee."

"Mimi ni mkunga. Nashona watu, sishoni suruali."

Akacheka, na kicheko chake kikamkaa Claudia moyoni kabla hajapata nafasi ya kukikataa. Yeremia akauliza misumari ni ya nini. Claudia akajibu kwa kujidai kwamba Mnyambe, huko juu Newala, kijiji kinajenga wodi ya wazazi kwa nguvu zake chenyewe, kwa udongo na nyasi, bila kungoja mtu.

"Na ramani kaipitisha nani?"

"Ramani gani?"

"Basi tutaonana," alisema Yeremia. "Mimi ndiye mkaguzi wa majengo."

Walionana kweli. Ulikuwa mwaka wa operesheni ya vijiji, na vita ya ng'ambo ya Ruvuma ilikuwa haijaisha. Yeremia alipanda na pikipiki ya serikali hadi juu ya uwanda, akatokea katikati ya ukungu wa asubuhi, wakati mikorosho imechanua na hewa yote ina utamu wa maua yake. Claudia alimwona akija polepole, mara yupo, mara ukungu umemmeza, na hakujua kama anaomba aje au apotee. Tangu siku hiyo kila ukungu uliposhuka alisikia pikipiki, hata pale ambapo haikuwapo.

Wodi ilikuwa nzuri kwa macho: kuta zimesiribwa, paa la nyasi mpya, vitanda vinne vya kamba, mlango mmoja. Yeremia aliizunguka kimya. Nje, chini ya mkorosho, alikuwa ameketi mwanamke mmoja mjamzito, Severina, aliyevuka Ruvuma baada ya ndege za Wareno kuichoma nyumba yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la moto hadi begani.

"Huyu mbona hayumo ndani?"

"Hataki," Claudia alijibu kwa sauti ya chini. "Anasema nyasi juu, mlango mmoja, hawezi. Atajifungulia hapohapo chini."

"Ana akili kuliko sisi," alisema Yeremia. "Claudia, siwezi kuruhusu. Kanuni inataka bati. Inataka tangi la maji la kuzimia moto."

"Tangi la maji! Hapa maji tunayafuata bondeni, mtu anaondoka alfajiri anarudi jua limepanda. Tuyaweke kwenye tangi yausubiri moto, na watu wafe kiu?" Alimsogelea. "Niambie, bwana mkaguzi. Kanuni inataka bati, au inataka mama atoke mzima?"

Yeremia aliwasha pikipiki akaondoka. Lakini alirudi wiki ile, na iliyofuata, na watu wa Mnyambe wakaanza kusema kwamba wodi ile inakaguliwa kuliko ikulu. Jioni walitembea mpaka ukingo wa uwanda, pale ardhi inapokatika na bonde la Ruvuma linalala chini rangi ya buluu. Mara nyingine ngurumo isiyo ya mvua ilitoka kusini, na Claudia aliushika mkono wake bila kuombwa.

Siku ya kufuata dawa Newala, alipita posta kumpigia simu. Karani wa simu, Lukmani, alimpa kipokeo huku akitabasamu. "Masasi hiyo, dada. Ongea taratibu, na mimi nisikie."

"Mpenzi, umelalaje?"

"Nimelala na kanuni," ilijibu sauti ya Yeremia kwa mbali.

"Inaleta joto?"

"Inaleta vumbi." Lukmani alikohoa. "Lakini sikiliza, roho yangu. Mwishoni kabisa kuna maneno ambayo nadhani hakuna aliyewahi kuyasoma. Bati, tangi, halafu inasema: au njia nyingine yoyote itakayofanya kazi ileile."

"Maana yake?"

"Maana yake silazimiki kukudai bati. Nalazimika kujibu swali moja tu. Nyasi zikishika moto, paa linashuka baada ya muda gani, na mama aliye mzito kuliko wote atakuwa ameshatoka? Nikilijibu hilo kwa hakika, nasaini."

"Na nani anajua paa linashuka lini?"

"Sijampata. Aliye kwenye nyumba inayoungua hatazami saa."

"Dada, muda wako umekwisha," alisema Lukmani, kisha kwa huruma, "lakini maliza."

Kwa watu wa uwanda, baba ni baba, ila wa kumtoa binti ni mjomba. Yeremia aliijua desturi hiyo, akaenda kwa Mjomba Dastani, akapiga goti, akatoa shikamoo, akaeleza shida yake. Mzee alimpenda. Ili kumwonyesha kwamba ameshakuwa mtu wa ndani, alimwalika porini siku ya vijana kutoka jandoni. Wageni wanaopewa heshima hiyo ni wa kuhesabika.

Ya porini ni ya porini. Nami namfuata Claudia, na Claudia ni mwanamke, kwa hiyo tutabaki naye nyumbani. Lakini lipo jambo ambalo hata wanawake wanalijua kwa kuuona moshi: siku ya mwisho, likumbi, kile kibanda walimolala vijana, huchomwa moto, na wote huondoka bila kugeuka nyuma. Kinachoungua pale ni utoto. Anayegeuka bado anautaka.

Claudia alivaa kanga mpya, akajipaka mafuta ya nazi, akangoja. Aliyetangulia kufika alikuwa Mjomba Dastani, uso umefungwa.

"Mgeni wako amegeuka nyuma."

"Mjomba?"

"Amegeuka, akasimama, akatazama mpaka mwisho. Tena akitazama na saa yake, kama mtu anayengoja basi! Mbele ya wazee wote. Mpwa wangu, mtu aliyetudharau kiasi hicho nitampaje mtoto? Sitaki kumwona tena uani kwangu."

Claudia alimkuta Yeremia amesimama nyuma ya wodi na pikipiki yake, nguo zikinuka moshi.

"Kwa nini?" Claudia aliuliza.

"Siwezi kukuambia."

"Mimi, Yeremia? Mimi?"

"Wewe, mpenzi. Nimekatazwa kumsimulia mwanamke lolote la kule. Nimeshavunja moja, nivunje na la pili?"

"Kama ulitudharau, sema tu."

"Sikuwadharau."

"Basi ulikuwa na sababu gani?"

Akainama kukagua tairi la pikipiki. Claudia angemsamehe uongo wowote jioni ile, hata wa kitoto, ili mradi ampe kitu cha kushika. Kimya hakishikiki. "Nenda," alimwambia, na pikipiki ikateremka Masasi. Akalia mpaka mama yake akaja kukaa naye kitandani.

Mwezi ulipita, na mwezi ule Claudia aliishi nusu usingizini. Alipima joto la wagonjwa akasahau kulisoma. Aliweka chumvi kwenye chai ya mama yake, na mama akainywa bila kusema neno. Wodi ilibaki imefungwa.

Halafu asubuhi moja ukungu ukamtoa Yeremia tena, safari hii na mafundi wawili na shehena ya mianzi. Hakwenda kwa Mjomba. Alikwenda moja kwa moja wodini, akaanza kubomoa ukuta wa nyuma.

"Severina," alisema Claudia kwa sauti kubwa, "mwulize bwana mkaguzi anafanya nini."

Severina, aliyekuwa ameketi katikati yao, hakuhitaji kuuliza. "Anasema anaweka mlango kwa kila kitanda, nesi."

"Mwambie nyumba yenye milango mingi hivyo inaitwa banda."

"Mwambie nesi," alijibu Yeremia bila kuinua kichwa, "kwamba kila kitanda kitakuwa na ukuta wake wa mianzi na kigingi kimoja. Ukivuta kigingi, ukuta unaanguka nje. Na kitanda kina mipini kama machela, watu wawili wanakinyanyua na mama akiwa juu yake."

"Mwulize, kwa nini watu wawili?"

"Kwa sababu mkunga na msaidizi wake ndio watakaokuwapo." Hapo akamtazama. "Nimekondeshwa na hesabu hii, Claudia."

Claudia aliingia ndani kwa haraka, asije akaonekana akitabasamu.

Siku ya majaribio kijiji kizima kilifika, hata Mjomba Dastani, aliyesimama mbali amekunja mikono. Yeremia akaomba mtu mzito alale kitanda cha mwisho, kile cha pembeni kabisa, na asisaidie kwa lolote. Wanaume wakatazama miguu yao. Kulala kitanda cha uzazi!

"Dastani," mama yake Claudia aliita, "wewe ndiye mzito, na kutosaidia kazi umezoea tangu utoto."

Kicheko kilipolipuka, Mjomba hakuwa na pa kukimbilia. Akaenda kulala. Kina mama watatu wakavijaza vitanda vingine.

"Moto!" Yeremia alipiga kelele, saa mkononi.

Claudia na msaidizi wake wakaruka. Kigingi, ukuta chini, nyanyua, toka. Kigingi, ukuta, toka. Cha tatu. Jasho lilimwingia machoni. Cha nne kilikuwa Mjomba, mzito kama gunia la korosho mbichi, akilia "uwii" kwa mzaha, lakini mikono ya Claudia haikuachia. Walimtua chini ya mkorosho. Wakahema. Wakangoja. Ndipo Yeremia, macho kwenye saa, alipoinua mkono.

"Sasa hivi ndipo paa lingeshuka. Wote wako nje."

Severina alianza vigelegele, wengine wakamfuata.

"Ngojeni," alisema Mjomba Dastani, bado amelala chali. "Ngojeni kwanza. Kijana, wewe umejuaje paa linashuka lini?"

Yeremia aliinamisha kichwa. "Niliona, Mjomba."

"Uliona wapi?"

Yeremia akaanza kukusanya vigingi. Claudia aliwatazama wanaume waliozunguka, na akaona mmoja baada ya mwingine akishusha macho, mpaka wote wakawa wanatazama mchanga. Hapo naye akaelewa, bila kuambiwa na mtu, kwamba likumbi lilipoungua saa ile ilikuwa ikipima paa la nyasi linashuka baada ya muda gani. Moyo ulimuuma kwa furaha.

Mjomba aliketi juu ya kitanda cha uzazi.

"Mtu huyu," alisema hatimaye, "alichokitazama alikitazama kwa ajili ya dada zetu. Kosa ni kosa, ataleta mbuzi mmoja kwa wazee. Akishaleta, aje kwangu na ile shida yake. Na nyie wanawake msiniulize zaidi."

Severina akaingia wodini kwa miguu yake mwenyewe, akachagua kitanda.

Jioni wawili hao walikwenda ukingoni. Chini, bonde lilikuwa limejaa mawingu.

"Utaolewa nami, Claudia?"

"Kwanza niambie. Uliona nini kule?"

"Sitakuambia."

"Hata tukizeeka?"

"Hata tukizeeka."

Claudia aliegemeza kichwa begani kwake. Shati lilinuka mianzi mibichi.

"Basi nitaolewa na mwanamume mwenye siri," alisema. "Lakini iwe hiyohiyo moja, Yeremia. Ya pili sitaivumilia."

"Haitakuwapo ya pili," alisema, na Claudia akamwamini, na katika miaka yao yote hakumwuliza tena.