Mgowe wa Kuuokoa Mvengi wa Lihanga

Kila jioni kengele ya mwisho ilipogongwa, Priska na wenzake hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Walipitia kwanza Bustani ya Lihanga, pale kijito kinapopinda kabla ya kupita chini ya barabara ya lami. Bustani yenyewe ni ndogo tu, ina mabenchi ya mbao, uwanja wa nyasi na njia ya miguu kando ya maji. Lakini kwa watoto wa kata ya Ramadhani, mjini Njombe, hakukuwa na mahali pengine kama hapo. Hapo walicheza rede, hapo walijisomea mitihani ilipokaribia, na hapo waligombea matunda ya mvengi, mzambarau mwitu wa kando ya maji.

Mvengi huo ulisimama ukingoni kabisa, na chini yake ilitoka chemchemi isiyokauka hata mwezi wa Oktoba. Matunda yalipoiva, midomo ya watoto wa mtaa mzima ilikuwa ya zambarau. Mama aliyetaka kujua mwanawe alikuwa wapi hakuwa na haja ya kuuliza.

Mvua za mwaka uliopita zilimega ukingo. Benchi moja lilikwenda na maji, na mizizi ya mvengi ikabaki inaning'inia hewani. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kutazama, akatikisa kichwa.

"Mvua zijazo zikimega tena, mti huu utaanguka," alimwambia Mwalimu Ambrose, mlezi wa klabu ya mazingira. "Utaangukia watoto. Ukingo usipojengwa kabla ya mvua, itanibidi nikate mti na kuifunga bustani kwa seng'enge."

Priska aliyasikia maneno hayo, akasogea mbele. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita na mwenyekiti wa klabu hiyo. Alikuwa na akili, alikuwa na bidii, na alikuwa na sauti. Sauti hasa.

"Mwenyekiti, tuachie sisi!" alisema. "Jumamosi watu watajaa hapa."

Mwalimu Ambrose alimtazama kidogo, kisha akaeleza kazi ilivyo. Kwanza vigingi vya mianzi vipigwe ukingoni. Halafu vifumwe kwa fito kama tenga, nyuma yake vipangwe viroba vya udongo, na juu yake yapandwe matete na miche ya mivengi. Mizizi ikishika, ukingo hautamegeka tena.

"Lakini hii si kazi ya watoto peke yao," alimalizia. "Tunahitaji watu wazima, tena wengi."

"Watakuja," Priska alijibu.

Aliazima kipaza sauti cha mkononi cha shule, kile cha siku za michezo, akazunguka nacho mtaani wiki nzima. "Wananchi wa Ramadhani! Jumamosi, bustanini, na majembe! Asiyekuja haupendi mtaa wake!" Tangazo lilisomwa kwa Walutheri, likasomwa na kwa Wakatoliki. Hakuna aliyeweza kusema hakusikia. Hata wagonjwa waliolala walisikia.

Jumamosi ilipofika, walikuja wenzake wawili, Dionis na Jasmine. Mwalimu Ambrose alikuja na nyundo. Akaja pia mbwa wa jirani, ambaye aliondoka alipoona hakuna chakula. Basi.

Walisubiri mpaka jua likawa kali. Priska alihisi machozi yakimlenga, na kwa kuwa hakutaka kulia mbele ya Dionis, alikasirika. Alikamata kipaza sauti, akageukia mtaani.

"Watu wa mtaa huu ni wavivu!" alipaza. "Wavivu! Wavivu!"

Ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko, mwanamke mmoja alikuwa akilima peke yake. Alikuwa Mama Flora, jirani yao. Aliposikia maneno hayo alinyoosha mgongo, akamtazama Priska, halafu akainama tena akaendelea kulima.

"Priska," Mwalimu Ambrose alisema kwa upole, "kiweke hicho chini."

Nyumbani, Bibi Zipora alikuwa jikoni akimenya viazi. Alimwona mjukuu wake akiingia na uso wa mawingu.

"Kamwene," bibi alimsalimu.

"Kamwene, bibi," Priska alijibu kwa sauti ndogo.

Bibi alikitazama kipaza sauti. "Hicho kidude kinalima?"

"Hapana, bibi. Kinaita watu."

"Kimeita wangapi leo?"

"Wawili, na Mwalimu," Priska alijibu. Kisha akaeleza yote, pamoja na lile neno "wavivu". Bibi aliacha kumenya.

"Mama Flora alikuwa anafanya nini ulipomwita mvivu?"

"Alikuwa analima."

"Haya. Mumewe yuko Makambako, kwenye maghala ya mahindi, anakuja nyumbani kwa nadra. Mvua zinanukia na nusu ya shamba lake bado ni majani. Wewe ulimpigia kelele aje kujenga bustani yako. Uliwahi kumuuliza shamba lake litalimwa na nani?"

Priska aliinamisha kichwa. Bibi alichukua kiazi kingine, na sauti yake ikalegea.

"Sisi Wabena tuna mgowe, mwanangu. Kazi ikikushinda, unapika togwa, unawaita majirani, wanakuja na majembe yao na nyimbo zao. Kufumba na kufumbua kazi imekwisha. Lakini hawaji kwa sababu ya togwa. Wanakuja kwa sababu juzi ulikuwa shambani kwao. Mkono mtupu haulambwi."

Usiku huo Priska hakulala vizuri. Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa Mama Flora. Njia ilikuwa fupi, lakini siku hiyo aliiona ndefu kuliko ya kwenda Makete.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja bila tarumbeta?"

Masikio ya Priska yaliwaka moto. "Nimekuja kuomba radhi, mama. Nilikutukana mbele za watu, na wewe ulikuwa kazini. Nisamehe. Kesho baada ya shule nitakuja na jembe, kama utanikubalia."

Mama Flora alimpima kwa macho. "Jembe halina kitufe cha kuwasha, unajua?"

"Najua, mama."

"Basi njoo tuone."

Kesho yake alikuja, na Dionis na Jasmine wakamfuata, na baada yao klabu nzima. Priska alitoka malengelenge viganjani, yakapasuka, akafunga kitambaa akaendelea. Mama Flora hakuwasifu. Alirekebisha tu matuta yaliyopinda, na jioni aliwapa viazi vya kuchemsha. Siku ya tatu alianza kuimba, nao wakaitikia.

Shamba lake lilipokwisha, walikwenda kwa Mzee Nahumu, mfumaji wa matenga, aliyekuwa na lundo la samadi la kupeleka shambani na mgongo uliogoma. Mzee alikaa kwenye kigoda, akawacheka bila huruma.

"Huyo anabeba samadi au anabeba yai?" alimuuliza Dionis. "Kaza mwendo, kijana!"

Walikwenda na kwa wengine: kwa mjane aliyetaka kuni zipasuliwe, kwa mama aliyejifungua aliyehitaji maji. Wakati huo mawingu yalianza kukusanyika kila alasiri upande wa Makete. Siku moja Dionis alitupa ndoo chini.

"Priska, mvua inakuja na sisi tunabeba samadi za watu! Mvengi utakatwa, na hatujapiga hata kigingi kimoja!"

Priska alitazama mawingu. Alikuwa na hofu ileile, tena kubwa zaidi, kwa sababu ahadi ilikuwa yake. "Ukitaka kwenda, nenda," alisema. "Mimi nilimwahidi Mzee Nahumu."

Dionis alinung'unika, akaiokota ndoo.

Ndipo Bibi Zipora alipopika togwa ya ulezi, ndoo tele. Safari hii Priska hakubeba kipaza sauti. Alipita nyumba kwa nyumba, akabisha hodi, akasalimia, akasema, "Jumamosi tuna mgowe bustanini. Tunaomba mikono yenu." Watu walijibu, "Tumesikia," na hakuna aliyeongeza neno.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa mzito, na baridi ya Njombe iliuma vidole. Priska alisimama chini ya mvengi na bibi yake, na hakuona mtu. Alimsikia Dionis akipiga miayo. Itakuwa kama ile siku, aliwaza.

Kisha akasikia wimbo. Ulitoka ng'ambo, mbali kidogo, sauti ya mwanamke ikianza na sauti nyingi zikiitikia. Majembe yakaanza kuonekana kwenye ukungu, halafu mabega, halafu nyuso. Mbele kabisa alikuwa Mama Flora, na nyuma yake mtaa! Mzee Nahumu alikuja na mkongojo, kijana wake amembebea fito. Mjane alikuja, na watoto wake wakubwa. Walutheri walikuja, Wakatoliki walikuja, na waliokuwa hawasalimiani tangu waliposhtakiana kwa mpaka wa shamba walikuja pia.

Kirikuu cha mizigo kikapiga honi barabarani. Alishuka Lukas, mume wa Mama Flora, akaanza kushusha viroba vitupu, marundo kwa marundo.

"Nimevikusanya maghalani Makambako," alisema. "Nimeambiwa shamba langu limelimwa na watoto. Nani ndiye Priska?"

Priska aliinua mkono. Alilia waziwazi, mbele ya Dionis, na hakujali.

Kazi ilipigwa siku hiyo! Vijana walisimama ndani ya maji ya baridi wakipigilia vigingi. Mzee Nahumu alisahau mgongo wake, akasimamia ufumaji, akimkemea kila aliyelegeza ufito. Wanawake walijaza viroba, wanaume wakavipanga, watoto wakapanda matete na miche. Mwalimu Ambrose alitumbukia kijitoni na viatu vyake vya kazini, na mtaa mzima ukacheka. Jua lilipoelekea kuzama, ukuta ulikuwa umesimama, mizizi ya mvengi imefunikwa udongo, na ndoo ya togwa ilikuwa tupu.

Mvua ilikuja katikati ya wiki. Ilipiga mabati ya darasa mpaka mwalimu akaacha kufundisha, kwa kuwa hakuna aliyemsikia. Ilipokatika, Priska alikuwa wa kwanza kutoka mbio, na klabu nzima nyuma yake.

Kijito kilikuwa kimefura, chekundu, kinanguruma. Maji yalikuja kwa nguvu mpaka pale kijito kinapopinda, yakagonga ukuta wa mianzi, yakageuka, yakaenda zao. Mvengi ulikuwa umesimama wima.

"Umesimama!" Priska alipiga kelele, na kelele hiyo haikuhitaji kipaza sauti. "Umesimama!"

Watu walianza kufika mmoja mmoja kuona kazi ya mikono yao. Mwenyekiti wa mtaa naye alifika, amebeba bunda la seng'enge begani. Aliukagua ukuta kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Nilikuja tayari kufunga," alisema. "Sasa seng'enge hii tutazungushia miche, mbuzi wasiile. Bustani haifungwi!"

Vigelegele vilipigwa. Mwenyekiti alimkabidhi Priska kipaza sauti cha shule, ambacho Jasmine alikuwa amekileta. "Sema neno, binti."

Priska alikishika, akawatazama watu.

"Mama Flora," alisema, "Jumamosi tunapanda mahindi kwako saa ngapi?"

Kicheko kililipuka, na Mama Flora alicheka kuliko wote huku akijifuta macho kwa upindo wa kitenge. Bibi Zipora alimshika mjukuu wake bega, akawageukia watoto.

"Mmeona wenyewe," aliwaambia. "Mto, mti na bustani ni mali ya wote, na mali ya wote hailindwi na mmoja. Lakini watu hawaitwi kwa kelele wala kwa matusi. Ukitaka mikono ya watu, tanguliza yako."

Kisha akamwambia Priska akirudishe kidude cha watu shuleni, kwa sababu viazi vya jioni vilikuwa bado havijamenywa.