Shuka la Viraka Ukutani

Haya nilisimuliwa na jirani yangu, fundi cherehani, Jumanne iliyopita alipokuja kunipunguzia gauni kiunoni. Alisimulia pini zikiwa mdomoni, akizitoa moja moja, nami nimesimama wima kama mlingoti, sithubutu hata kukohoa. Nayaweka kama alivyoyaweka yeye.

— Hiki ni cha kuonja, au ndicho chenyewe?

Fundi cherehani aliuliza kwa kunong'ona, mhudumu alipokwisha kugeuka. Mbele yake palikuwa na sahani pana kama ungo, na katikati kipande cha samaki ambacho paka angekimaliza kwa pumzi moja.

Mchumba wake, fundi fremu, akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa leso ya meza.

— Kula polepole, mama watoto. Vinakuja vingine vitano.

— Watoto wenyewe wako wapi?

— Njiani.

Moyo ukamruka. Miaka minne ya uchumba, na kila akiulizia harusi anajibiwa, "Subiri nimalize kazi hii." Leo kaletwa kula mchana kwenye mkahawa wa jumba la sanaa, mahali ambapo hata vijiko vinapangwa kama askari wa gwaride. Jumba lilikuwa limewaalika mafundi waliotengeneza fremu za maonyesho mapya, kila mmoja na mtu wake. Yeye alijua jambo moja tu: leo siku inatajwa. Hata shangazi yake, aliyemlea, alimwambia asubuhi akimfunga vifungo vya mgongoni:

— Usirudi hapa bila tarehe.

Basi akala yule samaki wa paka, akasubiri.

— Sasa nikwambie nilichokuitia? akasema mchumba.

— Sema, nimekuwa masikio matupu.

— Kwanza ione fremu yangu. Ile pale ukutani, nyuma yangu. Tazama pembe, hazipitishi hata unywele!

Akainua macho. Fremu hakuiona. Aliona mwanamke amelala, uso kaugeuzia ukutani, bega wazi, kajifunika shuka la viraka mpaka kwapani.

Fundi cherehani akaweka uma chini.

Kiraka cha buluu. Kiraka cha njano. Kiraka cha maua mekundu kilichotoka kwenye gauni la marehemu mama yake. Na pale pembeni, palipopungua kitambaa cha kijani, kipande chenye mistari kilichoungwa haraka kikakaa upande. Aliyechora alikuwa amechora hata huo upande.

Shuka lile alilishona miezi minane, kila akimaliza nguo za watu. Akampa mchumba alitunze sandukuni kwa sharti moja: lisitandikwe mpaka siku yao. Naye akaapa.

— Shuka langu liko wapi?

— Shuka gani?

— La harusi.

— Si liko sandukuni! Umeanza lini kuulizia mashuka mezani?

— Geuka.

Akageuka. Alivyogeuka ndivyo alivyobaki, shingo imekwama.

— Fremu hii umeifunga wewe?

— Mimi.

— Na hukuona?

— Picha ililetwa ndani ya karatasi. Nikapima kingo. Sisi picha tunailaza kifudifudi, tunaifunga kwa mgongoni. Usoni sikuitazama, haki ya Mungu!

— Kwa hiyo ungeitazama, leo nisingeletwa hapa.

Kabla hajapata uongo wa kumtosha, akatokea mwanamke mrefu, rangi ya buluu imemganda kwenye kucha. Ndiye mchoraji.

— Fundi wangu! Kumbe umefika, mbona simu hupokei? Nilikuficha kuwa picha yangu imo humu, nikushtue! Na huyu... ngoja, usiniambie. Huyu ndiye dada yako!

— Dada yake? akauliza fundi cherehani.

— Si wewe uliyeshona shuka? Ameniambia, "Dada yangu wa tumbo moja, mikono ya dhahabu." Wifi, umenitesa! Kujichora mwenyewe ilikuwa rahisi; mishono yako nimehangaika nayo mwezi mzima. Hicho kiraka cha maua ndicho kilichonitoa jasho.

Akamkumbatia. Fundi cherehani akakumbatiwa, mikono inaning'inia. Alimtafutia ubaya yule mwanamke, asiuone.

— Mmejuana tangu lini?

— Mwaka na nusu! Hajakwambia? Kaka yako msiri huyu. Tunaoana akimaliza kazi aliyonayo.

Hapo fundi cherehani akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno.

— Mimi si wifi yako, mwenzangu. Mimi ni mchumba wake, mwaka wa nne huu. Shuka lile nililishonea kitanda chetu.

Mchoraji akamtazama mwanamume.

— Anatania, eti?

— Kaeni kwanza. Watu wanatutazama.

— Wamekuja kutazama, akasema fundi cherehani. Waache watazame.

— Nilikuuliza! mchoraji akamwambia yule bwana, sauti imemkatika. Nilikuuliza mara mbili shuka ni la nani. Ukalitandika kwa mkono wako, ukasema, "Zawadi ya dada hiyo, lala."

— Mke wangu, nisikilize...

Alisema hivyo macho yakiwa kwenye sahani, na wanawake wote wawili wakageuka.

Mhudumu naye akafika na sahani nyingine.

— Samahani, niwawekee?

— Mwekee bwana huyu, akasema fundi cherehani. Vyote vitano.

Akachukua mkoba wake. Mchoraji akamfuata mpaka kwenye ngazi.

— Dada, naishusha ile picha. Leo hii.

— Usiishushe. Kile kiraka cha maua ni gauni la mama yangu. Hapo ukutani ataonekana. Sandukuni nani angemwona?

Ndipo alipolia. Wakalia wote wawili, kila mmoja kashika upande wake wa ngazi.

Nyumbani shangazi alikuwa mlangoni, shingo imerefuka kwa kumsubiri.

— Tarehe?

— Hakuna, shangazi.

— Basi hata mwezi?

— Hata mwezi.

Shangazi akamtazama usoni, asiulize la tatu. Akamwingiza ndani, akamvua viatu. Simu ikalia. Ujumbe. Fundi cherehani akausoma kwa sauti:

"Nisamehe. Nilipotea tu. Yule nimeachana naye. Taja tarehe yoyote unayotaka, hata kesho."

Miaka minne aliisubiri ile sentensi, sasa imo mkononi.

— Unampenda? akauliza shangazi.

— Nampenda. Hilo ndilo linaloniua.

— Mimi sikwambii umjibu nini.

— Niambie, shangazi.

— Sikwambii. Nikikwambia, mkigombana utanisema, mkipendana utanisema vilevile.

Fundi cherehani akaandika, akafuta. Akaandika tena:

"Tarehe niliitaka jana. Leo siitaki. Usinipigie."

Akatuma, akaizima simu, akajilaza akijikunja kama mtoto. Jua lilikuwa bado dirishani. Shangazi akajitupa kando yake na kanga yake na kilemba chake.

— Lala, mama. Mimi niko macho, nakulinda.

Haikupita dakika tano, mlinzi anakoroma. Fundi cherehani akamfungua kilemba taratibu, akamsogezea mto. Akamlilia bwana yule mpaka kifua kikamuuma, kwa sauti ndogo, asimwamshe mtu. Halafu akaanza kuhesabu mikoromo ya shangazi. Alifika thelathini na kitu, wala hakumbuki ngapi, naye usingizi ukamchukua.